Nyaraka Zako Ziseme Neno Moja: Kujiandaa kwa Mahojiano ya Pasipoti

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma, Kata ya Kingolwira, Manispaa ya Morogoro)

   Leo tunazungumza jambo ambalo kwa wengi huonekana dogo mpaka siku linapowafika.

Niseme mapema kwamba ofisi yetu haitoi pasipoti. Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji, cheti cha kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na Kitambulisho cha Taifa hutolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Kazi yetu sisi ni kumlinda mtumiaji wa huduma. Tumelileta suala hili hapa kwa sababu hasara yake humwangukia mtumiaji: tiketi ya ndege imekwisha kulipwa, nafasi ya masomo ina tarehe ya mwisho, mgonjwa ana miadi ya hospitali nje ya nchi, kisha safari inakwama kwa sababu cheti kimoja kinasema Selemani na kingine kinasema Suleiman. Hapo ndipo mtu huanza kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato humgharimu zaidi kuliko safari yenyewe.

Ujumbe wangu leo ni mmoja. Katika mahojiano ya pasipoti, wingi wa karatasi haumsaidii mwombaji kama karatasi hizo zinapingana. Kinachomsaidia ni nyaraka chache zinazokubaliana, na mdomo wake ukakubaliana nazo.

Kwa nini tunahojiwa

Wapo wanaoona kuhojiwa ni kushukiwa. Sivyo. Pasipoti ni mali ya Serikali, na ndani yake Serikali ya Jamhuri ya Muungano inaziambia serikali nyingine: huyu ni raia wetu, jina lake ni hili, alizaliwa siku hii. Kabla ya kutoa kauli nzito namna hiyo, ni lazima ijiridhishe.

Utaratibu huu hauko kwetu peke yetu. Wenye ndugu Marekani huenda wamesikia habari za Global Entry, mpango wa Forodha na Ulinzi wa Mipaka wa nchi hiyo kwa wasafiri wanaoaminika. Anayejiunga hupita haraka uwanjani anaporejea Marekani, lakini kwanza hutuma maombi, huchunguzwa, kisha huitwa kuhojiwa ana kwa ana akiwa na nyaraka zake halisi. Pasipoti ya Tanzania peke yake haimpi mtu sifa ya kujiunga. Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani anaweza kuomba, naye atatakiwa kwenda na pasipoti yake, kadi ya ukaazi na uthibitisho wa mahali anapoishi, kama leseni ya udereva au ankara ya umeme. Ada yake, ambayo ni dola 120 tangu Oktoba 2024, hairudishwi hata ombi likikataliwa. Nimelitaja hili kwa sababu msingi wake ni ule ule: anayeaminika mpakani ni yule aliyekwisha kuthibitisha habari zake kabla ya kufika mpakani. Kwetu sisi, uthibitisho huo huanza na pasipoti.

Nyaraka za kuandaa

Tangu Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki. Maombi huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hujaza fomu, huichapisha, kisha huipeleka ofisini pamoja na viambatisho vyake. Kwa mtu mzima anayeomba pasipoti ya kawaida kwa mara ya kwanza, viambatisho vya kuandaa ni hivi:

Kwanza, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji.

Pili, cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwa mzazi asiye na cheti.

Tatu, Kitambulisho cha Taifa au namba yake.

Nne, picha ndogo za pasipoti, zenye rangi ya nyuma iliyoelekezwa kwenye fomu.

Tano, uthibitisho wa shughuli unayofanya: barua ya mwajiri, leseni ya biashara, au kitambulisho na barua ya chuo kwa mwanafunzi.

Sita, uthibitisho wa safari: barua ya mwaliko, ya chuo, ya hospitali, au ya taasisi inayoratibu safari ya Hija.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 huombewa na wazazi au mlezi wa kisheria, kwa ridhaa yao ya maandishi. Aliyejipatia uraia kwa kuandikishwa huambatisha cheti chake cha uraia.

Beba nakala, na beba nyaraka halisi. Afisa atataka kulinganisha nakala na karatasi mama. Mzee mmoja akisema cheti chake kimeliwa na mchwa, si kosa lake; lakini ni afadhali alishughulikie hilo RITA mwezi mmoja kabla, kuliko kulieleza dirishani siku ya mahojiano.

Majina na tarehe

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapojikwaa.

Chukua Kitambulisho chako cha Taifa. Namba yake ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 19870614 inasema mwenye nayo alizaliwa tarehe 14 Juni 1987. Sasa weka cheti chako cha kuzaliwa kando yake. Je, tarehe ni ile ile? Kisha weka cheti cha shule, na kama unacho, cheti cha ubatizo au cha ndoa. Soma jina herufi kwa herufi, usisome kwa mazoea. Saidi na Said, Salumu na Salum, Karolina na Carolina, Rehema na Lehema: masikioni mwetu ni jina moja, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili.

Chanzo cha tofauti hizi mara nyingi hakina hila ndani yake. Karani aliandika kama alivyosikia. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika jina la aliyemleta mtoto. Na hapa kwetu Uluguru ipo sababu nyingine ambayo mgeni hawezi kuijua. Ukoo wa Kiluguru hufuata upande wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa katika malezi. Mtoto aliyelelewa kwa mjomba anaweza kuwa na jina la mjomba kwenye daftari la shule, na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Katika familia hakuna anayeshangaa. Ofisini itabidi lielezwe, tena kwa maandishi.

Tufanyeje basi? Fuateni mpangilio huu.

Amueni kwanza waraka upi ndio mzizi. Kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndicho kinachotaja wazazi na mahali ulipozaliwa. Kama chenyewe kina kosa la uandishi, rudini RITA, ambayo huduma zake hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mkaombe marekebisho kwa utaratibu wake. Kama cheti ni sahihi na kosa liko kwenye Kitambulisho cha Taifa, nendeni ofisi ya NIDA ya wilaya. Kama tofauti iko kwenye cheti cha shule cha miaka mingi iliyopita, wakili au hakimu anaweza kuwaandalia hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Aliyebadili jina kabisa, kwa ndoa, kwa dini au kwa hiari, awe na cheti cha ndoa au hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Jambo moja msilifanye kamwe: kwenda kujisajili upya kana kwamba hukuwahi kusajiliwa, ili upate cheti cha pili chenye jina unalolitaka. Mtu mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa hajatatua tatizo. Ameongeza tatizo la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza.

Na haya yote hufanyika kabla ya kujaza fomu. Marekebisho huchukua muda. Anayeyaanza baada ya kulipia tiketi ameanza mwisho.

Wazazi wasio na vyeti, na wajukuu wa mkonge

Wapo kati yetu ambao wazazi wao hawana cheti cha kuzaliwa, na wengine wazazi hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Msione haya. Wakati wa utawala wa Mwingereza usajili wa vizazi haukuwa lazima kwa Waafrika walio wengi, na hata baada ya Uhuru huduma hiyo ilichelewa kufika vijijini na milimani. Mzee aliyezaliwa Mgeta au Matombo miaka ya 1940 kutokuwa na cheti si jambo la ajabu, na maafisa wanalijua hilo.

Mzazi aliye hai anaweza kuomba kusajiliwa hata sasa. Usajili wa mtu aliyevuka miaka 10 hutaka ushahidi zaidi, kama cheti cha ubatizo, cheti cha shule, na barua ya Mtendaji. Kama hilo haliwezekani, hati ya kiapo huandaliwa na mtu anayezijua habari za kuzaliwa kwake. Anayeapa aape anachokijua. Ikiwa tarehe kamili haijulikani na mwaka pekee ndio unaokumbukwa, kiapo kiseme hivyo; kisibuni siku ili karatasi ipendeze.

Sasa niseme jambo ambalo katika kata hii halikwepeki. Tumezungukwa na historia ya mkonge. Enzi za ukoloni mashamba ya mkonge yalivuta vibarua wa mkataba, wale tuliowaita manamba, kutoka mikoa ya mbali, na wengine kutoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wengi wao hawakurudi makwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, na wajukuu wao leo ni majirani zetu. Huenda wengine wamo katika mkutano huu. Mjukuu wa namna hiyo anapoulizwa, “Babu yako alizaliwa wapi?” moyo humwenda mbio. Hapo hutokea mshauri wa mtaani, amwambie ataje kijiji chochote cha Morogoro, maana hakuna atakayejua.

Nawasihi, msimsikilize. Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002 inahesabu kutoa taarifa ya uongo ili upate pasipoti kuwa kosa la jinai. Na uongo wa babu hauishii kwa babu: ukiandikwa kwenye fomu yako, utakufuata kila utakapohuisha pasipoti, na utawafuata watoto wako watakapoomba zao. Asili ya babu ni swali ambalo lina majibu katika sheria. Suala la uraia huamuliwa na Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na mtu mwenye mashaka anaruhusiwa kwenda kuuliza kabla hajaomba pasipoti. Nenda na ulicho nacho: cheti cha ndoa ya wazazi, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha kazi cha shambani, kadi ya zamani, barua ya serikali ya mtaa. Uzito wa kila karatasi ataupima afisa. Wajibu wako ni kusema kweli na kuonyesha ulichonacho.

Siku ya mahojiano

Fika mapema, ukiwa nadhifu, nyaraka zako zikiwa zimepangwa kwa mfuatano ule ule wa fomu. Utachukuliwa picha na alama za vidole. Wenye mikono iliyochakaa kwa jembe au kwa saruji wasiogope. Waoshe mikono vizuri, na wakiona mashine inasumbua, wamweleze afisa kazi wanayoifanya.

Maswali yenyewe ni ya maisha yako. Ulizaliwa wapi, na wazazi wako walizaliwa wapi? Ulisoma shule gani, mwaka gani? Unaishi mtaa gani, na mwenyekiti wake ni nani? Unakwenda wapi, kufanya nini, nani anakugharamia, utarudi lini? Jibu kwa kifupi na kwa utulivu. Usichokijua, sema hukijui. Mtu akikosea mwaka aliomaliza darasa la saba hueleweka. Mtu aliyekariri majibu ya kufundishwa hujulikana mara tu swali linapogeuzwa.

Kwa vijana wanaoahidiwa kazi za ndani au za hotelini Uarabuni, mahojiano haya ni kinga yenu pia. Ukiulizwa jina la mwajiri na aina ya mkataba, nawe huwezi kujibu kwa sababu wakala amekwambia utajua ukifika, basi swali hilo limekuonyesha hatari kabla ya ndege kuruka. Rudi ukadai mkataba, na uthibitishe wakala huyo katika Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA.

Fedha na vishoka

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na pasipoti hiyo hudumu miaka 10. Shilingi 20,000 hulipwa mwanzoni kwa ajili ya fomu, na 130,000 hulipwa baadaye katika hatua za ombi. Kabla ya kulipa, hakikisheni kiwango kwenye tovuti ya Uhamiaji. Malipo yote hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, kupitia benki au simu. Hakuna fedha inayowekwa mkononi mwa mtu, wala kutumwa kwenye namba binafsi ya simu, hata mwenye namba akivaa tai.

Wengi wetu hujaziwa fomu kwenye maduka ya steshenari. Si vibaya, mwenye duka anastahili malipo ya kazi yake. Lakini zingatieni haya. Ombi lifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako, si ya mwenye duka. Soma kila mstari kabla hajabonyeza kutuma. Kama macho hayaruhusu, nenda na mtoto akusomee. Andika pembeni namba ya ombi na nywila. Nakala za vyeti vyako zifutwe kwenye kompyuta yake ukiwa umesimama hapo.

Kishoka atakwambia ana mtu wake ndani, kwa hiyo huna haja ya cheti cha mzazi. Jiulize: karatasi itakayojaza pengo hilo itatoka wapi? Ikigundulika ni ya kughushi, jina lililo juu yake ni lako, na kishoka simu yake haitapatikana. Anayekuomba rushwa mripoti TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi.

Haki zako

Mwombaji si mtu wa kuomba radhi kwa kuwapo ofisini. Una haki ya kuelezwa ni waraka gani umepungua, kupewa uthibitisho wa malipo, na kuhudumiwa kwa heshima. Ukiambiwa urudi, uliza urudi na nini, na uandike jibu pamoja na tarehe. Usipoelewa, omba kumwona kiongozi wa ofisi. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Ukishaipokea pasipoti, isome palepale dirishani: majina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kosa linaloonekana hapo hurekebishwa kwa wepesi kuliko litakaloonekana uwanja wa ndege. Kumbuka pia kwamba nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6, na nyingine hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho, kwa kanuni za afya za kimataifa tangu Julai 2016, hudumu maisha yote ya mwenye nacho. Anayekwambia ulipie kipya kwa sababu chako kimefikisha miaka 10 anakula fedha yako bure.

Wazee wangu na ndugu zangu, natoa kazi moja ya nyumbani. Leo jioni, kabla hamjalala, toeni nyaraka za kila mtu ndani ya nyumba, mzitandaze mezani au mkekani, mlinganishe majina na tarehe. Andikeni kwenye daftari kila tofauti mtakayoiona. Mwenye mtoto mchanga, akamsajili mapema: walio chini ya miaka 5 hupata cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata, na tangazo la kizazi kutoka hospitali lisitupwe. Fanyeni hivyo hata kama hakuna anayetarajia kusafiri mwaka huu. Barua ya chuo au rufaa ya hospitali ikija, haitatoa notisi, na aliyekwisha kusahihisha herufi zake ataondoka wakati mwenzake bado yuko kwenye foleni ya kiapo.

Baada ya hapa nitabaki chini ya mwembe ule pamoja na wenzangu. Mwenye karatasi zake aje nazo, tutazisoma pamoja.